Kura ya Bibi

Sifa zote ni za Mungu, aliyenifikisha uzeeni na kuniachia kumbukumbu.

Juzi, katika soko la vitambaa la Zhongda, mbali ng'ambo, nilisimama karibu na mama mmoja mfanyabiashara kutoka kisiwa kidogo cha Pasifiki. Mwenye duka alikuwa tayari kumpunguzia bei iwapo angengoja mzigo hadi wiki ijayo. Mama akakataa. "Kwetu tunachagua rais," akaniambia. "Narudi nikapige kura yangu mwenyewe." Pale pale harufu ya kitambaa kipya ikanirudisha utotoni.

Bibi yangu alivaa kanga mpya, bado inanukia duka. Ilikuwa siku ya uchaguzi, nami mtoto mdogo nimemshika mkono. Enzi hizo mgombea ubunge mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake nyumba, ili wasiojua kusoma nao wachague. Mjomba, mpiga debe wa Jembe, alimfuata bibi mpaka mlangoni mwa kituo.

"Mama, huoni vizuri. Nipe karatasi nikuwekee alama."

"Jembe na nyumba nilivijua kabla sijakuzaa wewe. Kaa hapo na huyu mtoto."

Foleni nzima ikacheka. Bibi akaingia peke yake, akakawia, kisha akatoka akijifunga kanga vizuri.

"Umemchagua nani, mama?" mjomba akanong'ona.

"Si wewe uliyetangaza mkutanoni kwamba kura ni siri? Twende nyumbani, nina njaa."

Bibi hakumwambia kamwe, hadi Mungu alipomchukua na siri yake.

Nawe unayesoma, Mola akujalie moyo mtulivu na neno lililo lako mwenyewe. Amina.