Usiku Sili, Nalamba Yogati Tu

Mzani wa hospitali ulipanda badala ya kushuka. Nesi alidhani nimekanyaga vibaya, akaniambia nishuke, nipande tena, akasoma upya. Mie nilikuwa nimevua kila kinachovulika: viatu, saa, mkufu, hata kilemba. Mama alikuwa kwenye benchi nyuma yangu amenishikia mkoba, na nilijua bila kugeuka kwamba anamtazama nesi usoni.

Nieleze kwanza kwa nini kilo zangu zilikuwa shughuli ya ukoo mzima. Kwa mama yetu tumezaliwa wawili tu, mie na mdogo wangu wa kiume, na figo za mdogo wangu zilikuwa zimekufa zote. Alikuwa anakwenda kusafishwa damu kwa mashine, anarudi kwake Tegeta midomo imemkauka, maji anapimiwa kwenye kikombe kidogo kama mtoto, na miguu inavimba vilevile. Mama alijitolea wa kwanza kumpa figo, wakamkatalia kwa sababu ya presha. Nikapimwa mie, vipimo vikalingana. Daktari akasema niko sawa kila mahali isipokuwa mwili: nilikuwa mnene kupita wanavyokubali kumlaza mtoaji mezani. Nipungue, ndipo wapange siku. Tena akaongeza jambo jingine. Wapasuaji wa kazi hii hukusanyika kwa awamu, na kama awamu inayokuja itanipita, hana hakika kama mdogo wangu ataikuta nyingine.

Sasa nesi ananiambia nimeongezeka.

"Dada, unakula nini lakini?"

Nilimjibu vibaya. Mie hasira zangu ziko karibu, na pale Kurasini kwenye ofisi yetu ya kutoa makontena bandarini hata madereva wa malori wananijua. Nikamwambia kama ana uzi na sindano anishone mdomo, maana zaidi ya hapo sijui nijinyime nini. Na nilikuwa nasema kweli. Nilikuwa nimeacha chapati, nimeacha vitumbua vya asubuhi, nimeacha soda. Nimeacha wali wa nazi, na kwa mtu aliyelelewa na mama wa Lindi, kuacha nazi si mchezo. Jirani zetu wa Mbagala walikuwa wameshaanza kuulizana kama naumwa au nimeachwa.

Nesi hakubishana na mie. Alinipeleka chumba cha pili kwa mtaalamu wa lishe, binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba shingo upande. Mama akaingia nyuma yangu, akakaa.

"Mama, nieleze jana," binti akaniambia mie. "Tangu ulivyoamka mpaka unalala. Kila kilichopita mdomoni, hata kama kwako si chakula."

Nikamweleza. Asubuhi chai ya rangi kavu. Mchana samaki wa kuchemsha na mchicha, ugali ngumi moja. Usiku sili.

"Husikii njaa?"

"Naisikia sana tu. Nalambaga yogati."

Kalamu yake ikasimama. "Yogati gani?"

Ile nzito, nikamwambia, wanayoiita ya Kigiriki. Ofisini kwetu kila mwanamke ana dayati yake, na wote walikuwa wanakubaliana kwenye hiyo tu, kwamba inashibisha na haina mafuta. Kila nikitoka kumtazama mdogo wangu Tegeta nilikuwa napitia duka kubwa la barabarani nanunua. Nachukua ya stroberi, siku nyingine ya embe, siku nyingine vanila.

"Kikombe kimoja?"

Hapo nikaanza kujiumauma. Kimoja nikitoka kazini, maana foleni ya Kilwa Road inachosha. Kingine baada ya magharibi, Mama akiwa mkekani na wali wake. Na kama usingizi haujaja, kingine. Nilivyokuwa nasema nilijisikia kama mtu anayevuliwa nguo mbele za watu.

Ndani ya mkoba kulikuwa na kikombe kimoja cha stroberi, cha kulamba njiani. Binti aliomba akione. Akakigeuza, akanisomea maandishi madogo ya nyuma: maziwa, kisha sukari, kisha mengine yote, na tunda lenyewe karibu na mwisho. Akachukua kijiko cha chai, akanionyesha kwenye kopo la sukari iliyokuwa pale mezani kwake ni vijiko vingapi vimo kwenye kikombe kile. Chai yangu ya asubuhi niliyokuwa nakunja uso kuinywa kavu, ilikuwa inalipwa jioni mara kadhaa.

Nikamwuliza, kwa hiyo sukari ndiyo inayomuua mdogo wangu?

Alinijibu taratibu, na ninamshukuru kwamba hakunitisha. Akasema sukari siyo sumu, na wapo wanaokula yogati ya ladha na bado wanapungua, kwa sababu wanaihesabu na kupunguza kingine. Akasema hata ile isiyo na ladha ina sukari yake ya asili ya maziwa, hiyo nisiiogope. "Ishu yako wewe ni kwamba unakula chakula cha usiku kila siku, halafu unaamini hujala. Na utamu wenyewe unakuita urudie. Kula ile nyeupe, kikombe kimoja, na ukiite chakula."

Kwetu mtu akikuuliza umekula, anakuuliza ugali au wali. Unaweza kuwa umekunywa uji, umeshushia chai na maandazi, umemenya maembe, ukajibu bado sijala, na wala hujamdanganya mtu. Hata mgeni aliyeshiba vitafunio tunamwomba radhi kwamba ataondoka bila kula. Nimekulia humo, na nilikwenda na mahesabu hayohayo mpaka hospitali.

Njia nzima ya kurudi Mama alikuwa ameupakata mkoba wangu, anatazama dirishani.

Nilinunua ndoo ndogo ya yogati nyeupe isiyotiwa chochote, nikaiweka kwenye friji. Jioni ile nikachota, nikatia mdomoni, taya zikanikaza. Mtindi wa kienyeji nimeunywa tangu utoto, lakini siku zote na sukari, nani anaunywa mkavu? Nikajilazimisha. Kesho yake hivyohivyo. Siku iliyofuata niliporudi kutoka kazini, nilipochota nikasikia siyo mkali sana. Nikafurahi, nikasema kumbe mdomo unazoea. Ikapita wiki, ikawa inashuka vizuri kabisa, mpaka nikawa naingojea.

Halafu nikakwenda kujipima kwenye duka la dawa la jirani. Sikupungua hata robo ya nilichotegemea.

Nilirudi nyumbani nikijiuliza ule ukali ulikwenda wapi. Nikafungua friji, nikachota yogati ya chini kabisa ya ndoo, nikaitandaza kwenye sahani. Chembe za sukari ambazo hazijayeyuka zilikuwa zinaonekana. Nikazisugua kwa kidole, zikakwaruza.

Nyumba ile tulikuwa tunaishi mie na Mama tu.

Alikuwa uani anachambua mchele. Nikaenda nikasimama mbele yake na sahani. Sikumwamkia, sikumwambia hodi, wala sikutafuta maneno ya adabu.

"Mama, nani anatia sukari humu?"

Aliitazama sahani, akaendelea kuchambua. "Ule ukali utakutoboa utumbo."

"Mama, mtaalamu alisema mbele yako. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Kwa hiyo ulijua."

Akapepeta ungo, akapuliza pumba. "Nilijua tangu zile za stroberi," akasema. "Ulipozileta mara ya kwanza ulinionjesha. Nikaona hii tamu kuliko aiskrimu, itampunguza nani? Nikanyamaza. Ukawa unazilamba, unasema si chakula, nami nakwambia kweli mwanangu, si chakula, kula."

Sijawahi kumwinulia Mama sauti, lakini jioni ile niliinua. Nikamwuliza kama anataka mwanawe afe. Nikamwambia siku zinakwisha, awamu ya wapasuaji inakaribia, mie nashinda na njaa ofisini mpaka naona kizunguzungu, halafu yeye anakuja nyuma yangu na kopo la sukari. Nilisema maneno mengi na mengine yalikuwa mabaya. Jirani wa ukuta wa pili alizima redio.

Mama aliweka ungo chini.

"Usinitamkie kifo hapa," akasema. "Unadhani mie silali nikimuwaza? Yule Mungu kamwandikia maradhi, nalia naye, nakwenda naye. Wewe hujaandikiwa chochote. Mzima wa afya, unatoka asubuhi unakwenda kazini, unarudi. Halafu nikuchukue kwa mkono wangu nikakulaze upasuliwe? Nimezaa wawili. Siku hiyo wote mtakuwa ndani, milango imefungwa, mie niko nje kwenye benchi. Nikitokewa na daktari mlangoni, hata sitajua nimwulize yupi kwanza."

Akapangusa pumba mapajani kwa kanga.

"Nilitaka wachukue figo yangu mie," akasema. "Hawakuitaka."

Simu yangu ikaita. Ni mdogo wangu, kila siku ya mashine alikuwa ananipigia muda ule akishapumzika. Nilikuwa na sahani mkono mmoja, nikaipokea kwa sauti ya nje kama nilivyozoea, ili Mama naye amsikie. Nikajuta papo hapo, lakini alikuwa ameshaanza kuongea.

"Dada, shikamoo. Nilikuwa nataka kukwambia jambo usinikatize." Sauti yake ilikuwa inakwama, anameza mate yasiyokuwepo. "Najua hupungui. Wifi yako kaniambia. Kama unaogopa, sema tu. Sitakulaumu. Hata mie ningekuwa wewe ningeogopa. Ila uniambie, nisiwe nahesabu siku bure."

Mama aliziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Siogopi," nikamwambia. Nilikuwa naogopa tangu siku waliyosema tumelingana, na hakuna niliyemwambia. "Kuna kitu nilikuwa nakikosea kwenye chakula. Nimeshakiona."

"Kweli?"

"Kweli. Lala."

Nilipokata simu Mama alikuwa ameshaingia ndani. Nilisikia mlango wa chumba chake. Mie nilibaki uani na sahani yangu, hasira imekwisha, nimebaki na aibu ya yale niliyomtamkia. Ile ndoo nikaimwaga yote.

Kesho yake hatukusemeshana asubuhi. Kazini nilikosea nyaraka za mteja, nikafokewa, sikujibu, na wenzangu wakashangaa. Jioni nilipofika nilikuta Mama ameandaa meza. Hakuwa na tabia hiyo siku za kawaida, sie tunakulaga kwenye mkeka. Upande wake kulikuwa na ugali na dagaa. Upande wangu bakuli moja la yogati nyeupe kutoka ndoo mpya, kifuniko chake kikiwa bado mezani na karatasi yake ya juu haijachanwa yote, ili nione kwa macho yangu kwamba haijatiwa kitu. Alikwenda kuinunua mwenyewe, na kwa miguu yake ile inayomsumbua sijui alizunguka maduka mangapi.

"Karibu chakula," akasema.

Nikakaa. Nikanawa mikono, ingawa kwa kijiko hakuna haja. Nikasema bismillahi. Nikachota. Ilikuwa kali mpaka jicho moja likajifunga lenyewe.

Mama alikuwa ananitazama. "Kali?"

"Kali."

"Kula."

Nikala. Yeye hakugusa ugali wake mpaka nilipomaliza bakuli. Akaniuliza kama nimeshiba, kwa sauti ileile anayowauliza watu waliokula pilau, nikamwambia nimeshiba, alhamdulillahi. Akachukua bakuli akaenda kuliosha. Ikawa hivyo kila jioni. Hatukuongea tena habari ya sukari, wala hakuniomba radhi, na mie yangu niliyomwomba aliipokea kwa kichwa tu. Lakini nikichelewa foleni alikuwa ananisubiri na njaa yake. Nguo zikaanza kunilegea kiunoni. Yeye ndiye aliyekuwa anazibana, kila baada ya siku chache anazipunguza mbavuni kwa sindano, na nilimwona akishona uso umemkunjamana kama mtu anayeshona sanda.

Siku ya mwisho ya kupimwa alikuja mdogo wangu naye, amefunikwa shuka la mabegani ingawa kulikuwa na joto. Wakakaa benchi moja, Mama katikati yake na mkoba wangu. Nikavua viatu. Nikapanda. Sikuangalia chini, niliangalia ukuta. Nesi akasoma, akanipandisha tena, akasoma.

"Hongera, dada," akasema. "Umefika."

Mdogo wangu akajifunika uso na shuka, mabega yakawa yanamtikisika. Mtaalamu wa lishe akatoka chumbani kwake kunipa mkono. Kila mtu pale ndani alikuwa anasema hongera, hata wagonjwa wasionijua.

Mama aliinuka akaja mpaka nilipokaa kuvaa viatu, akainama na magoti yake mabovu kunifunga mikanda ya viatu. Nikamkataza, mtu mzima hamfungi mwanawe viatu. Akaendelea.

"Pole, mwanangu," akasema, bila kunyanyua uso.

Nikamjibu, "Nimeshapoa, Mama."

Kiatu kilikuwa kimeshafungwa, lakini hakukiachia. Alikuwa bado ameushika mguu wangu daktari alipotoka kututajia siku.