Tope la Rukwa Kwenye Kimea cha Mama

Mama ameniuliza mara nyingi kazi yangu ni nini hasa, na kila mara nimemjibu vibaya. Mwanzoni nilimwambia nachunguza bakteria wa ardhi oevu. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo tope." Nikamwambia si tope, ni wale wanaoishi ndani ya tope. "Ndiyo," akasema, "tope." Tangu hapo, majirani zetu hapa Sumbawanga wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, huwajibu kwa sauti bila haya yoyote: "Anafanya tope."

Na kweli nafanya tope, na nalipenda, nisiwafiche. Nilianzia pwani, kule mito inakoingia baharini katikati ya mikoko. Nilikuwa nazama mpaka magotini, narudi nanuka mpaka mama mwenye nyumba akanitengea ndoo yangu ya kuogea uani. Lakini siku niliyochokoza tope kwa mti, nikayakinga yale mapovu kwa chupa, nikawasha kiberiti na kuona mwali wa buluu ukiruka mdomoni mwa chupa, nilipiga kigelegele peke yangu kwenye mikoko. Maana mle chini, mahali pasipo na hewa kabisa, kuna viumbe wasioonekana kwa macho wanaokula majani yaliyooza na kutoa gesi inayowaka. Wapo tangu zamani sana kuliko sisi. Mtu atakosaje kuwapenda?

Baba alipofariki, mama akabaki peke yake na kuku wake na mashamba ya mahindi na ulezi. Nikamwomba mkubwa wangu wa kazi anipe ruhusa nihamie nyumbani, nifungue chumba kidogo cha maabara pale mtaa wa Majengo, nichunguze tope la Ziwa Rukwa. Alikubali shingo upande, tena kwa sharti. Hao bakteria wa Rukwa niwafuge chupani, waishi, wazaane hukuhuku juu. Wakinifia, chumba kinafungwa na mimi narudi pwani kwenye mikoko yake. Sharti hilo sikumwambia mama. Ningemwambia ili iweje? Aanze kuhesabu siku za kubaki na mimi?

Shida ni moja, na kila Mfipa anaijua: baridi. Kule bondeni Mtowisa ninakochota tope, kwenye matete ng'ombe wanakonywea, joto linakuvua shati. Ukipanda huku juu mwezi wa sita unakuta watu wamevaa makoti ya kuazimana na upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Wadudu wangu wamezaliwa kwenye joto. Ukiwapa baridi ya Sumbawanga, wanaacha kula, halafu wanakufa kimyakimya bila hata kukuaga. Kwa hiyo nilikuwa na kabati maalumu la umeme la kuwatunzia joto, na ndani yake chupa zangu, kila moja na kizibo cha mpira kilichobanwa kwa pete ya bati. Hewa isiingie hata chembe. Ndani niliweka rangi fulani isiyoonekana, ambayo hewa ikiingia tu, maji yanageuka pinki. Maji yakiwa meupe, tuko salama. Yakiwa pinki, msiba.

Kuchota tope jingine si kazi. Kazi ni kuwazoesha chupa. Hawa ilinichukua miezi kuwafikisha pale, na mkubwa wangu alishasema hataki kusikia hadithi ya kuanza upya.

Basi baridi ilipokolea, kabati likafa. Fundi alilifungua, akachungulia, akasema kuna kifaa kimeungua, kitaagizwa Dar, kitakuja na basi. "Mambo madogo hayo, dada, ondoa shaka." Kwake yeye ilikuwa rahisi kuondoa shaka, chupa si zake! Nilijaribu balbu ndani ya boksi, na umeme nao ukaanza michezo yake, unakuja, unakwenda. Nikazifunga chupa kwenye sweta, nikaenda nazo nyumbani nimezikumbatia, roho iko juu.

Nyumbani nilimkuta mama stoo, anaandaa kimea. Mdogo wangu alikuwa anaoa, na kwetu harusi bila pombe ya ulezi watu huisema vibaya mpaka watoto wako wakue. Ulezi alishauloweka, akaupakia kwenye magunia mabichi, akayafunika kwa majani na blanketi kuukuu ili uote. Akaniambia nimsaidie kupima kama umeanza. Nikapenyeza mkono ndani ya gunia. Jamani! Joto likanipanda mpaka kwenye kiwiko. Nafaka ikiota hutoa joto, hilo nimelijua tangu nikiwa mtoto, lakini siku hiyo nililisikia kwa mkono kama salamu kutoka Mtowisa.

"Mama," nikasema, "naomba nafasi humu."

"Nafasi ya nini?"

"Ya chupa zangu."

Akanyooka, mikono kiunoni. "Tope lako kwenye kimea changu?"

"Limefungwa, mama. Halitoki."

"Linanuka?"

"Likifunguliwa tu."

"Na likifunguka?"

"Halifunguki."

Akafunua blanketi la gunia. "Haya. Lakini pombe ya harusi ikinuka, wewe ndiye utasimama mbele ya wakwe kuwaeleza. Mimi nitakuwa nimekaa, nimenyamaza."

Siku zilizofuata zilikuwa za raha, sijui niziseme vipi. Kila asubuhi mimi na mama tulikutana stoo, yeye anagusa ulezi wake, mimi nagusa chupa zangu. Yeye anafurahia vichipukizi, mimi nafurahia mapovu. Maji meupe, tope jeusi tii, vizibo vimeanza kutuna kwa gesi. Mama alikuwa akiniuliza, "Wako wameamkaje?" nami namjibu, "Wameamka salama, wako je?" Tukacheka hapo mpaka chai inapoa.

Halafu akaja mama mdogo.

Huyu ni mdogo wake mama, mwanamke mwenye moyo mzuri kupita kiasi, aliyekuja na wanawake wawili wa jirani kusaidia kazi za harusi. Mimi nilikuwa Majengo. Niliporudi niliwakuta wote watatu wamesimama uani, wameziba pua kwa vitenge, na kuku wamehamia upande wa pili wa nyumba. Harufu ya yai viza ilikuwa imejaa mpaka barabarani. Mama mdogo akanijia akiwa na kisu cha jikoni mkononi, uso umejaa tabasamu.

"Mwanangu, mshukuru Mungu nilikuwepo! Vichupa vyako vilikuwa vimetuna, karibu vipasuke. Nimevifungua vipumue."

Ni kosa ambalo mpika pombe yeyote wa Ufipa angelifanya. Kwao pombe ikichacha, chombo hukizibi. Ukikiziba kinapasuka, kinamwaga kazi yote. Alifanya wema. Lakini mimi nina hasira za karibu, na nilipoingia stoo nikaona chupa zangu zimepangwa vizuri kwenye sinia, midomo wazi, maji yote pinki kama soda ya sikukuu, nilitoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, nikaupigia ukelele mgomba. Nikaupigia tena. Mama alikuja akasimama pembeni, akangoja nimalize.

"Imebaki moja," akasema. "Ilizama chini ya gunia, hakuiona."

Nikarudi mbio. Kweli, moja. Nyeupe, imefungwa, imetuna. Nilimkumbatia mama mdogo, maana alikuwa ameshaanza kulia, masikini, na mimi pia nikalia. Jioni ile nilimpigia simu mkubwa wangu, nikamweleza nimebaki na chupa moja. Akasema moja ikiwa hai inatosha, unazalisha nyingine kutoka hiyo. Ikifa, nifunge chumba. Nilikuwa nimesimama uani. Sikujua ni nani ananisikia.

Kimea nacho hakingoji mtu. Kikizidi kuota, pombe inaharibika, na harusi ilikuwa imekaribia. Jumamosi mama akaanza kukitoa kwenda kukianika, gunia baada ya gunia, lakini aliniachia moja la mwisho, akalifunika blanketi mbili. Jumapili asubuhi nikapata simu kwamba basi limefika na kifaa changu. Nikaenda stendi, nikangoja wapakue mizigo, nikakibeba kile kiboksi kama vile nimebeba mayai.

Niliporudi, gunia la mwisho lilikuwa limetundikwa kwenye kamba, linachuruzika maji. Kimea chote kiko kwenye mikeka juani, na mama mdogo anakilinda na fimbo ya kufukuzia kuku.

"Chupa iko wapi?"

"Kimea kilishaota, mwanangu, kisingengoja zaidi. Muulize mama yako."

"Mama yuko wapi?"

"Misa."

Nilitafuta stoo. Nilitafuta jikoni, majivu yamepoa. Nilitafuta chini ya kitanda chake. Jua lilikuwa linawaka lakini upepo ulikuwa uleule wa kukata masikio, na nilijua chupa iliyoachwa mahali popote ndani ya nyumba ile ilishapoa. Nikakaa kizingitini na kiboksi changu mapajani, nikavunjika moyo kabisa. Nilimkasirikia mama. Nilijiambia, kwake yeye pombe kwanza, mimi na tope langu baadaye. Nikaanza kupanga kichwani nitamwambiaje kwamba narudi pwani, na nani atakuwa anamfungulia kuku.

Ndipo nikasikia vicheko. Kina mama wa jumuiya walikuwa wanatoka kanisani, wanakuja na njia yetu kwa vitenge vya Jumapili, na katikati yao mama, amevaa koti la marehemu baba, ameinama kidogo, mgongo umetuna. Wenzake walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka. Alipofika uani akavua koti, akanigeuzia mgongo. Ndani yake alikuwa amejifunga mbeleko, ile ya zamani ya maua mekundu, na ndani ya mbeleko, imesimama wima kati ya mabega yake, chupa yangu.

"Padri aliniuliza nimebeba nini kwenye komunyo," akasema. "Nikamwambia mjukuu."

Nilifungua mbeleko. Chupa ilikuwa ya moto, moto wa mtu. Maji meupe. Kizibo kimetuna hasa. Vipovu vidogo vilikuwa vinapanda kutoka kwenye tope, kimoja, kingine, kingine. Nikacheka mpaka nikashindwa kusimama, na wale kina mama wakapiga vigelegele ingawa hawakujua wanashangilia nini.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Nilikusikia na mkubwa wako. Tope likifa, unaondoka." Akaweka sawa kilemba chake. "Wewe nilikuzaa kabla ya wakati, mwezi kama huu, baridi hii hii. Ulikuwa huna hata sauti ya kulia. Wakaniambia nisijisumbue. Nikakufunga mwilini, nikalima nawe, nikapika nawe, nikalala nimekaa. Sikukuweka chini mpaka jua liliporudi. Sasa ndiyo nishindwe na chupa?"

Nikanyoosha mikono nimpokee.

"Kabati lako limepona?" akauliza.

"Bado, mama. Fundi atakuja mchana."

"Basi niache." Akaichukua chupa, akaipandisha mgongoni, akainama nusu huku mama mdogo akimsaidia kukaza mbeleko, akavaa koti juu yake. Halafu akaenda kwenye mikeka, akaanza kugeuza kimea chake.