Gugu la Ukanda wa Mpaka

Reli kutoka Butere hadi Eldoret inazunguka mno. Tulifika Kisumu, tukapanda hadi Nakuru, tukangoja siku nzima tukikalia mizigo yetu, kisha tukaanza kupanda tena kuelekea kwenye baridi. Baba alikuwa ametutangulia. Alikuwa amejiunga na kikundi kilichonunua shamba la mzungu upande wa Sugoi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi.

Shamba lilikuwa bado halijapimwa. Kila mwanachama alionyeshwa sehemu yake kwa vigingi, na kati ya sehemu moja na nyingine kamati iliacha ukanda ambao jembe halikuruhusiwa kuugusa mpaka mpima ardhi aje. Aliyeupalilia alihesabiwa mnyang'anyi. Basi hakuna aliyepalilia.

Humo ndimo gugu lile lilimostawi. Maua yake yalikuwa meupe na marefu, yakifunguka jioni. Majani yalinuka vibaya hata ng'ombe waliyapita. Tunda lake la miiba likikauka hupasuka vipande vinne na kumwaga mbegu nyeusi, mamia kwa mamia. Wenyeji walisema lililetwa na mbegu za ngano za wazungu, na kwamba mbegu yake inaweza kulala udongoni miaka mingi bila kufa. Msimu wa pili lilitoka kwenye ukanda likaingia katika wimbi, ule ulezi wa uji aliopanda mama.

Mama alipepeta, lakini mbegu nyeusi nyingine zilibaki. Asubuhi moja baba alikunywa uji peke yake, sisi tukiwa mtoni. Tulimkuta midomo imemkauka, mboni zimejaa macho, anaokota hewani vitu tusivyoviona. Nilipotaka kumshika aliniinulia jembe. Akaenda kwenye ukanda uliotutenga na jirani, akaulima wote, aking'oa na vigingi.

Fahamu zilipomrudia hakukumbuka lolote. Kamati ilikutana katika banda la trekta kuamua kama tungebaki na sehemu yetu. Baba alieleza habari ya uji. Mama akaonyesha zile mbegu kwenye ungo. Jirani hakuzitazama.

"Mzee, wazimu wako unajua kulima upande wangu tu?"

Watu walicheka. Mwenyekiti, ambaye tulisali naye kanisa moja, alingoja wanyamaze. Akasema kwa upole, "Tukikuachia wewe, Mzee, kesho kila mtu hapa atakunywa uji."

Sehemu yetu ikapewa mwingine.

Wazazi waliamua kurudi Butere. Nilibeba godoro lao hadi stesheni ya Eldoret. Mama alikaa mbali na sisi, mgongo ametugeuzia. Baba alinishika mkono.

"Mwanangu, kweli sikumbuki," aliniambia, kana kwamba mimi pia nilikuwa kwenye kamati.

Nilimwambia najua. Garimoshi lao lilipoondoka, nikavuka reli kungoja la kwenda Malaba, nikatafute kazi.