Kipande cha Kulia

Mzee Ombati alikuwa amelima majani ya chai huko Manga tangu ndevu zianze kumwota, na sasa miguu ilipomkatalia, alilima kwa kidole. Phanice, kitindamimba wake, ndiye aliyemwekea mchezo ule kwenye simu ili apunguze kununa. Ulikuwa mchezo wa shamba. Unapewa nyumba na vipande vya ardhi, na kabla ya kupanda chochote unaulizwa kila kipande ukitie udongo gani: wa mfinyanzi, wa kichanga, tifutifu au wa mawe. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Phanice akawa mkalimani.

"Hebu muulize huyo mtu wa kwenye simu," mzee alisema siku ya kwanza, "ni nani duniani huulizwa anataka udongo gani."

Yeye hakuulizwa. Baba yake alimgawia mteremko uliooshwa na mvua ukabaki kokoto, naye akaurudishia uhai kwa samadi, majivu ya jikoni na maganda ya ndizi, mwaka baada ya mwaka. Alikuwa na mdomo mkali. Hata alipofanywa mzee wa kanisa pale kwa Waadventista, aliwakemea waumini waliokanyaga maua wakienda kusali. Watoto wake hakuwahi kuwaambia kwamba anawapenda, lakini udongo aliusifu mbele ya watu bila haya.

Mchezo ukamwingia. Akiamka, swali la kwanza ni mahindi yake yamefikia wapi. Ijumaa jua likitua alimkabidhi Phanice simu aizime, na Sabato nzima mimea ya kwenye kioo ilikauka kwa kukosa maji.

"Ikauke," alisema. "Siku hiyo hata malaika hawashiki jembe."

Phanice alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa ameacha kuuza ndizi katika soko la Daraja Mbili ili aje kumuuguza, na kicheko kilikuwa kimeadimika katika nyumba ile.

Jambo moja tu halikumwelea. Kipande kilichokuwa upande wa kulia wa nyumba ya kwenye mchezo, mzee hakukipanda kitu. Alikitia udongo wa mawe, ule mbovu kuliko wote, akakiacha hivyo hivyo. Kila mara simu ililia na kuuliza: kipande hiki ni kitupu, je, utapanda? Majibu yalikuwa matatu: ndiyo, hapana, baadaye. Mzee alibonyeza hapana.

"Tata," Phanice alisema, akimwita baba kwa Kigusii, "unapoteza ardhi bure. Tia tifutifu hapo tupande viazi."

"Hapo hapapandwi."

"Kwa nini?"

Mzee akamgeukia. "Wewe ulizaliwa Ugusii au tulikuokota njiani?"

Ndipo Phanice alipoelewa, akaona aibu. Kwao mwenye boma huzikwa kulia mwa nyumba yake, na mkewe kushoto. Mama alikwisha kulala kushoto. Kulia, mzee alikuwa ameacha nyasi miaka yote. Zilikatwa, lakini hapakulimwa. Kisha mzee akalazwa hospitalini, na aliporudi akibebwa alikuta Geoffrey, kifungua mimba wake, amepapanda miparachichi. Aliitazama tu dirishani.

"Na huo udongo wa mawe?" Phanice aliuliza polepole.

"Ndio uliobaki. Mti wa chakula haung'olewi kwa ajili ya maiti. Mtanitafutia mahali kule kwenye mawe, karibu na uzio."

Alisema kama mtu anayeomba chumvi mezani. Phanice akatoka nje haraka, machozi yakimtangulia.

Mambo ya makaburi si ya binti kusema. Hayo ni ya wana wa kiume, na yeye aliyeachana na mumewe hakuwa na upande wowote katika boma lile, si kulia wala kushoto. Alilijua hilo na lilimuuma. Hata hivyo alishuka mpaka Masimba, kwenye duka la Geoffrey, akiwa amejiandaa kwa ugomvi.

"Umempandia tata miti juu ya kaburi lake," alimwambia bila kusalimu. "Anataka kwenda kulala kando ya uzio kama mgeni."

Geoffrey hakugomba. Aliketi juu ya gunia la sukari, mtu mzima mwenye mvi, akafunika uso.

"Alipokuwa hospitalini," alisema, "nilikuja kulinda boma, na kila nikitoka mlangoni naziona zile nyasi zinamngoja. Sikuweza, Phanice. Nikasema nikipajaza miti, hatakuwa na mahali pa kwenda."

Phanice alikuja kupigana. Akajikuta amemshika kaka yake bega, wote wawili wanalia mbele ya wateja.

Jumapili Geoffrey alikuja na jembe. Mzee aliinuliwa, akaegemezwa dirishani, na kelele zake zikasikika hadi kwa jirani.

"Usikate mizizi! Utoe na udongo wake! Nani alikufundisha kuhamisha mti?"

Geoffrey aliihamisha miche yote hadi ukingoni mwa shamba la chai. Kisha akaja dirishani na konzi ya udongo kutoka pale palipobaki wazi. Mzee aliufinya, akaunusa, akaendelea kuushika mkononi.

"Huu si wa mawe," alisema.

"Si wa mawe, tata. Ni wako."

Mzee akaomba simu. Akakiondolea kile kipande cha kulia udongo wa mawe, akakitia tifutifu, na simu ikalia na kuuliza vilevile kama kila siku. Phanice akainama kumtafsiria majibu, ingawa mzee aliyajua kwa moyo. Safari hii kidole kilipita hapana. Kilisimama hewani kidogo, huku Geoffrey akingoja dirishani na mikono yake yenye matope.

"Baadaye," mzee alisema, akabonyeza.