Eti Ni Ndugu

Jamani, mtafsiri wa kibanda cha video hapa mtaani Gumbo, anayetugeuzia filamu kwa Kiswahili, ameniudhi!

Leo mchana ametuwekea filamu ya zamani ya watu wazima, ya wanaume wawili wapenzi, fundi na mwalimu. Mambo ya chumbani yalikuwa yamekatwa, ikabaki hadithi tu.

Fundi anamuaga mwalimu kwa Kiingereza, "Nakupenda, nitarudi."

Mtafsiri: "Anasema, kaka, umekula?"

Kaka!

Mara wakabusiana.

Mama mmoja akauliza, "Ndugu gani hao?"

Mtafsiri akaizima kabla haijaisha, akaweka filamu ya karate.

Nikamfuata nje. "Yule fundi alirudi?"

Akanikazia macho. "Wewe unataka kujua ya nini?"

Nikageuka, nikavuka daraja kurudi nyumbani na hasira zangu.

Ninyi mnaonijua mnajua nataka kujua ya nini: nami namngoja wangu aliyesema atarudi. Aliyeiona filamu hiyo hadi mwisho aniambie: fundi alirudi?