Upenyo Kwenye Kiwiko cha Mama

Baba alipopigwa na kiharusi, daktari alituambia tushukuru Mungu kwamba amebakiwa na akili zake na mkono wa kushoto. Mama akamjibu kwa upole kwamba anashukuru, ila angependa kujua mdomo umekwenda wapi. Maana baba alikuwa mtu wa maneno. Alizaliwa ukimbizini, akakulia Karagwe, upande wa Tanzania, akaoa huko huko mwalimu wa shule ya msingi, akarudi naye Kigali sisi tukiwa wadogo, na kila alipopita aliacha watu wanacheka. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti chake sebuleni, mtaa wa Niboye, na kilichobaki kinywani kilikuwa "eee." Ukimuuliza kama anataka chai, eee. Ukimuuliza kama hataki, eee.

Kwa sababu ya Karagwe, nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, na kuna kitu nilikisikia miaka yote bila kukitia maanani. Baba anaita kutoka sebuleni, "Mwalimu!" Mama anaitika kutoka jikoni, "Abee." Mara nyingi baba hakuwa na jambo. Mama akitokea mlangoni, amejishika kiuno, baba anamwambia, "Nilitaka tu kujua kama upo." Mama anasonya, anarudi kwenye sufuria zake. Mimi nilikuwa nawaona watu wazima wasio na kazi.

Kazi yangu ni kuandika programu. Ofisi yetu iko Remera, ghorofani, karibu na uwanja kiasi kwamba siku ya mechi huwezi kusikia simu. Jumapili moja nilimwambia mama nitamtengenezea baba kitu kwenye laptopu yangu ya zamani, ile yenye kioo cha kugusa. Yeye ataweka kidole, mashine itamsemea. Atasema anataka chai, atasema anataka redio.

"Chai najua anataka," mama akasema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Mimi nataka aniite."

Nikamwambia, "Ataita, mama. Hilo niachie mimi."

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba kiharusi kilikwenda na herufi pia. Baba hakuweza tena kusoma hata neno moja. Nilijaribu vitufe vyenye picha ndani, akavitazama vyote kwa macho yale yale: kwake vilikuwa vijisanduku tu. Lakini ukimwekea kikombe mezani anakijua, anakishika vizuri, anakunywa. Basi nikasema nitamwekea kikombe juu ya kioo, kikombe chenyewe, kisicho na sanduku.

Dirisha la kompyuta huzaliwa mstatili. Lina pembe nne, utepe juu, na alama ya kufungia kwenye kona. Ukilitaka la umbo jingine, kwenye laptopu kuukuu kama ile inayokohoa ukiipa programu za kisasa, inabidi urudi kwenye amri za zamani za mfumo wenyewe. Unauambia: anzia hapa, piga mstari mpaka pale, pinda, shuka, funga. Unapata umbo. Umbo hilo unalikabidhi kwa dirisha, na kila kilicho nje yake kinakoma kuwa dirisha. Hakijafichwa, hakipo kabisa. Ukigusa pale unagusa kitu kilicho nyuma.

Kijana ninayekaa naye meza moja ofisini, mzaliwa wa hapa hapa Kigali, aliniangalia siku mbili tatu akashindwa kuvumilia. "Dada, dirisha iko na kona ine tangu tuzaliwe. Hii ya kikombe ni ya nini?"

"Ya kunywea," nikamwambia. Nina hasira za karibu, watu wote wananijua. Akarudi kwenye kazi yake.

Nilikata kikombe. Nikakata redio, nikakata mlango kwa ajili ya siku anazotaka kutoka nje. Mwisho nikamkata mama. Nilichukua picha aliyopigwa kwenye harusi ya binamu yangu, amesimama na kitenge na kilemba, mkono mmoja kiunoni, vile vile anavyosimama mlangoni. Nikafuata ukingo wake nukta kwa nukta, kutoka kilembani hadi viatuni. Nilipomaliza, mkono ulikuwa umegandana na kiuno, na mama yangu amekuwa gunia. Nikatengeneza umbo la pili, pembetatu ndogo, nikaliweka pale katikati ya kiwiko na ubavu, nikauambia mfumo utoe hili kutoka lile. Ni amri moja tu. Upenyo ukafunguka, rangi ya nyuma ikaonekana kati ya mkono na kiuno, na hapo akawa yeye. Nilijiona fundi kweli kweli, hata nikamwita yule kijana aje aone.

Sauti nilizitoa kwenye ujumbe wa simu. Baba hakupenda kuandika, alikuwa ananitumia sauti ndefu za kuniuliza kama nimekula. Humo nikapata "chai," nikapata "redio," nikapata "nje." "Mwalimu" ilinisumbua, kwa sababu kwangu mimi alisema "mama yako." Nilisikiliza zote mpaka masikio yakachoka. Niliipata mwisho wa ujumbe mmoja: alikuwa ameshaniaga, akasahau kuachia kitufe, akageuka akaita, "Mwalimu!" Na kwa mbali, jikoni, "Abee." Nikaikata "abee" nikaitupa. Nilitaka mama aitike mwenyewe.

Nikaipeleka laptopu Niboye, nikaiweka kwenye meza ndogo upande wa mkono wake mzima. Niliipanga ifungue kila kitu kwa mguso mmoja, nisimchoshe. Mama nilimsimamisha ukingoni kushoto, upande wa mkono ule ule, ili baba amfikie kwanza. Kisha nikamwonyesha. Nikagusa kilemba.

"Mwalimu!"

Jikoni kitu kilianguka. Mama alikuja mbio na mwiko mkononi, akasimama mlangoni anatutazama, mimi na baba na ile mashine. Alilia kwanza, kisha akanigombeza kwamba nimemtisha, kisha akaniomba niguse tena. Baba alikuwa anamtazama yeye, si kioo.

Kuanzia hapo nilikuwa nampigia mama kila nikitoka kazini.

"Leo?"

"Chai. Redio. Chai tena."

"Na wewe?"

"Mimi bado."

Mwanzoni alitania. Alisema mzee ameoa kikombe, yeye sasa ni mke mdogo. Baadaye utani ukakatika. Jumapili moja nikaona amehamisha kigoda chake kutoka kwenye jiko hadi karibu na mlango wa sebule, mahali ambapo hata mnong'ono unafika. Ukimwona mama yako amekaa hivyo na bakuli la maharage, sikio limeelekea sebuleni, utamuuliza nini?

Na mimi kila nikija nilikuta laptopu inajikokota. Upande wa kulia wa kioo karatasi tupu zimerundikana, zile za programu ya kuandikia, moja juu ya nyingine, nyeupe, hazina hata herufi. "Anachezea mashine," mama aliniambia. "Anagusagusa tu, yanafumuka hayo makaratasi." Nikawa nazifunga zote, nimenuna. Siku moja nilimsemesha baba kwa sauti kubwa, kana kwamba kiharusi kilikuwa cha masikio. "Baba, mguse mama. Huyu hapa. Mguse."

Akaniangalia kwa hasira, na hasira zangu nimezitoa kwake. Akainua mkono wa kushoto, akakunja vidole kama anayeingiza kitu mahali, akausogeza hewani kuja kwangu. "Eee. Eee." Nilidhani anataka kusimama. Mama naye alidhani hivyo, akaja akampa kiwiko. Tangu watoke hospitali ndivyo walivyotembea: mama anajishika kiuno, baba anaupitisha mkono wake mzima kwenye ule upenyo, anajikaza pale, wanakwenda. Wakaenda hadi uani, wakakaa kwenye jua. Mimi nikabaki sebuleni nakagua sauti, nikaona ni nzima, nikarudi kwangu.

Baba alifariki asubuhi, siku ya kazi, mimi nikiwa Remera. Kiharusi cha pili hakikumpa nafasi. Walikuja majirani, wakaja watu wa Karagwe waliotawanyika Kigali nzima, wote wakitoa pole kwa Kinyarwanda, "mwihangane, mwihangane," na mama akawashukuru mmoja mmoja kwa macho makavu. Alingoja waishe. Walipoisha, tukiwa wawili jikoni, aliuweka mkono kwenye sinki akasema, "Kikombe alikiita. Redio aliiita. Mimi hakuniita hata mara moja."

"Mama, alikuwa mgonjwa."

"Chai aliikumbuka." Akafungua maji, akayafunga. "Nilimkosea nini, mwanangu? Niambie. Wewe ndiye uliyempa mdomo."

Roho iliniuma, na mimi roho ikiniuma natafuta kitu cha kufanya kwa mikono. Nikaenda sebuleni kuiondoa ile laptopu, mama asiione tena. Ilikuwa bado kwenye umeme, hakuna aliyeizima tangu siku ile. Kikombe, redio, mlango, mama ukingoni. Na upande wa kulia, makaratasi yale yale.

Nilianza na mama. Nikataka kumfunga, nikakumbuka hana alama ya kufungia, niliikata pamoja na pembe zote. Nikainamisha kioo kutafuta pa kushika, na mwanga wa dirishani ukapita juu yake kwa ubavu. Kioo kilikuwa na alama za vidole. Kwenye kikombe zilisambaa huku na huku. Kwa mama, kilembani palikuwa na alama ndogo, yangu ya kujaribia; tumboni hapakuwa na kitu, wala kwenye kitenge. Za baba zote zilikuwa sehemu moja, doa nene la mafuta ya vidole, ndani ya ile pembetatu kati ya kiwiko na kiuno.

Nikaweka kidole pale. Karatasi nyeupe ikafunguka upande wa kulia. Nyuma ya mama, pale pale chini ya kiwiko, kulikuwa na alama ya ile programu ya kuandikia, na mguso ulikuwa umempita mama ukaigonga. Nikaweka tena. Ikafunguka nyingine.

Nilikaa chini, sakafuni. Baba hakuwahi kumgusa mama kilemba maishani mwake, kwa nini aanze kwenye kioo? Alimshika pale anapomshika. Na mimi, kwa ufundi wangu, nilikuwa nimepatoa. Alipitisha mkono, akangoja mama aje, ikaja karatasi. Akapitisha tena.

Nilimwita mama. Sauti yangu haikuwa nzuri, akaja haraka. Nilimkalisha kwenye kiti cha baba, nikamweleza, taratibu, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri kidogo. Nikamwonyesha doa. Nikashika kidole chake nikakipeleka kwenye kiwiko chake mwenyewe, na karatasi ikafunguka mbele ya macho yake.

Akainamia kioo. "Hii ni yeye ananiita?"

"Ni yeye."

"Na hizi zote chini yake?"

"Zote. Na zile nilizokuwa nazifunga mimi kila Jumapili."

Mama alivua kilemba, akakiweka mapajani. Nilifikiri sasa atalia, nikasogea. Lakini aliniuliza tu zinafungwaje, na mimi nikamwonyesha ile alama kwenye kona. Akanyoosha kidole akaigusa.

"Abee," akasema.

Karatasi ikaondoka, chini yake ikawepo nyingine. Akaigusa.

"Abee."