Udongo Nao Ni Mzazi

Nakumbuka asubuhi moja kule Soy, mwanangu, umande ukiwa bado umelala juu ya mahindi ya majirani, nami nimesimama shambani na mtoto mchanga mikononi. Nyanya zetu zilikuwa zimenyauka tena. Baba yenu alikuwa ameshasema zikifa mara nyingine tunarudi kwao Nyeri, nami sikutaka kurudi. Niliipenda Soy, hata ile baridi yake.

Nilijiona mkulima hodari. Kila nikivuna nilichoma mabaki yote na kung'oa kila jani, udongo ukabaki mtupu kama sebule iliyofagiliwa. Wapita njia walinisifu, na kusifiwa, usinicheke, kulinipendeza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama mkwe wangu alikuja kumwona mjukuu, amebeba mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi, maana kwao mama aliyejifungua hupikiwa njahi apate nguvu na maziwa. Alipika nusu. Nusu nyingine akaenda nayo shambani, akaanza kuipanda. Niliudhika, na njaa ya mzazi unaijua.

"Mama, hizo si ni zangu?"

"Zako ziko kwa sufuria," akasema bila kuinuka, akiupigapiga udongo. "Huyu naye amezaa kila msimu na hakuna mtu amewahi kumpikia. Halafu unamwacha bila nguo kwa hii baridi."

Msimu huo hatukupanda nyanya. Baba yenu alinung'unika, lakini nani angebishana na mamake? Njahi zilitambaa mpaka udongo ukapotea, zikachanua zambarau, nami nilikaa pale na mtoto nikisikiliza nyuki, nisijue kama nimelala au niko macho. Kisha tukazikata, tukaziacha zioze palepale. Siku moja nilifunua majani nikaona nyuzi nyeupe, nyembamba, zimeshona udongo wote. Nikadhani ndio ule ugonjwa wa nyanya, nikakimbilia kiberiti. Mama mkwe akanishika mkono.

"Hiyo ni kuvu nzuri," akasema. "Inakaa na mizizi, inailisha. Ile ya ugonjwa ikija inapata nyumba imejaa. Umekuwa ukichoma askari wako."

Tukapanda nyanya katikati ya yale majani. Miche michache ilinyauka, lakini mingi ilisimama hadi tukachoka kuchuma. Baba yenu hakutaja Nyeri tena. Jumamosi moja alirudi na mche wa parachichi, akauchimbia shimo karibu na mlango. Nililia jikoni kwa furaha, kwa sababu anayefunga safari hapandi mparachichi.

Sasa nasikia umekodi shamba Turbo, na tayari unaulizia dawa. Subira huvuta heri, mwanangu. Mimea iliyougua itoe nje, lakini udongo usiuache wazi. Uvishe njahi au kunde, uupumzishe msimu mmoja, na usiogope kila kitu kinachoota bila kuitwa na wewe.

Nenda na baraka zangu. Mungu akustawishe hapo hapo unapopapenda, njaa isikuhamishe.